Hindi Tamu Halingoji Soko

Kwa hesabu ya debe na kilo, mahindi ni zao la mwisho ambalo mwenye nyumba ya mjini angepaswa kulitengea nafasi katika ua wake, kwa kuwa mahindi makavu hulimwa kwa wingi mashambani, huhifadhiwa kwa miezi, husafirishwa bila shida, na hufika sokoni kwa bei ambayo bustani yenye ukubwa wa kitanda haiwezi kushindana nayo. Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo inayowafanya washauri wa bustani za nyumbani wapendekeze sukuma wiki, mchicha na nyanya kabla ya kutaja nafaka yoyote. Hata hivyo, ipo aina moja ya mahindi inayoipindua hesabu hiyo, kwa sababu thamani yake haimo katika uzito wa punje bali katika muda unaopita kati ya kuvunjwa kwa hindi na kutumbukizwa kwake chunguni. Aina hiyo ni mahindi matamu, na hoja ya makala haya ni kwamba kipande cha ukoka uliotandazwa mbele ya nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa kingetumika vizuri zaidi kama tuta la zao hilo, mradi mwenye nyumba ajue mapema kile ambacho ukoka hautakubali na kile ambacho mahindi yatadai.

Mahindi matamu si mahindi ya kawaida yaliyovunjwa yakiwa mabichi, ingawa wanunuzi wengi huyachanganya. Mahindi yote, ya ugali, ya bisi na ya mifugo, ni spishi moja iliyotokana na nyasi ya porini iitwayo teosinte, ambayo wakulima wa kale wa kusini mwa Meksiko walianza kuibadili miaka ipatayo 9,000 iliyopita, na ambayo uzao wake ulifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Katika punje ya mahindi ya kawaida, sukari inayotoka kwenye majani hugeuzwa kuwa wanga, yaani chakula cha akiba ambacho mche mchanga hukitegemea baada ya kuota. Katika punje ya mahindi matamu, badiliko la jeni, yaani la kipande cha maelekezo ya urithi kilichomo ndani ya seli, huzuia sehemu ya ugeuzaji huo, kwa hiyo sukari nyingi hubaki kuwa sukari. Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waliyalima mahindi ya namna hiyo kabla ya walowezi wa Kizungu kuyachukua katika karne ya 18, na katika miaka ya 1950 mwanasayansi John Laughnan wa Chuo Kikuu cha Illinois alionyesha kwamba jeni nyingine, ile inayozisinyaza punje zikikauka, huongeza sukari zaidi na kuchelewesha kupotea kwake. Ndiyo sababu mbegu ya mahindi matamu, hasa ya kundi hilo la pili, huwa nyepesi na yenye mikunjo kama zabibu kavu: ghala lake la wanga ni karibu tupu.

Tofauti hiyo ndogo ya urithi ina matokeo makubwa jikoni. Hindi tamu la aina ya kale, likishavunjwa na kuachwa kwenye joto la mchana wa pwani, huendelea kupumua na kugeuza sukari yake kuwa wanga, kiasi kwamba lile lililovunjwa asubuhi huwa limepoteza sehemu kubwa ya utamu wake kesho yake, hata kama maganda yake bado ni ya kijani na mnunuzi haoni kasoro yoyote kwa macho. Aina mpya huvumilia siku kadhaa zikiwekwa kwenye baridi, lakini hindi linalopakiwa shambani, likapitia kwa dalali, likapangwa juani kando ya barabara na hatimaye kubebwa ndani ya daladala au matatu, huwa limekwisha kuhesabiwa saa nyingi. Soko linaweza kushusha bei ya mahindi matamu, lakini haliwezi kuyarudishia saa hizo, na hapo ndipo ua wa nyumba, ulioshindwa kwa kilo, unapolishinda shamba kubwa kwa umbali wa hatua 20 kutoka tutani hadi jikoni.

Swali linalofuata ni kwa nini ua huo umejaa ukoka. Uwanja wa nyasi fupi zilizosawazishwa, usioliwa na mfugo wala usiotoa chakula, ulikuwa alama ya utajiri wa makabaila wa Uingereza na Ufaransa, kwa maana ni mwenye ardhi ya ziada na watumishi wa kuikata kwa mundu ndiye aliyeweza kuwa nao; ulienea kwa watu wa kipato cha kati baada ya fundi Edwin Budding wa Gloucestershire kusajili hataza ya mashine ya kukatia majani mwaka 1830. Utawala wa kikoloni uliuleta mtindo huo pamoja na mpango wa miji iliyogawanywa kwa rangi, ambamo uzunguni palikuwa na nyumba zilizoachana kwa bustani pana, kama ilivyokuwa Oysterbay na Muthaiga, huku vitongoji vya Waafrika vikibanwa katika viwanja vidogo. Kinaya chake ni kwamba nyasi zenyewe ni za Kiafrika: ukoka, ambao wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon, una chimbuko lake hasa katika bara hili, na nyasi inayoitwa kikuyu, inayopendwa katika viwanja vya michezo kuanzia Australia hadi California, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kilichoagizwa kutoka nje, basi, ni wazo kwamba nyasi hizo zikatwe kila wiki na zisizae kitu.

Nchi zilizozaa wazo hilo hazikulishika kwa ukaidi zilipobanwa na njaa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walilima mboga hata katika handaki linaloizunguka ngome ya Tower of London, na mwaka 1943 Eleanor Roosevelt aliruhusu bustani ya mboga katika viwanja vya Ikulu ya Marekani. Tanzania nayo ilipitia kipindi cha namna hiyo baada ya ukame wa 1973 na 1974, pale kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ilipowataka hata wafanyakazi wa ofisini na wakazi wa mijini walime kila kipande kilichokuwa wazi. Dhiki ilipopungua, ukoka ulirejea kimya kimya, na leo katika nyumba nyingi mpya hupandwa kabla hata ya rangi ya ukuta kukauka, si kwa sababu familia imeujadili na kuuchagua, bali kwa sababu picha ya nyumba iliyokamilika imekuja nao.

Pingamizi la zamani dhidi ya mahindi mjini lilitolewa kwa jina la afya. Mamlaka za miji kadhaa ya Afrika, wakati wa ukoloni na baada yake, zilikataza au kufyeka mazao marefu kwa madai kwamba huficha wahalifu na kuzalisha mbu katika makwapa ya majani, yaani pale jani linapokutana na shina na maji ya mvua kutuama. Dai la pili linastahili kupimwa kwa uangalifu, kwa kuwa lina ukweli uliokaa mahali pasipo pake. Mbu wa malaria, Anopheles, hutaga hasa katika madimbwi ya ardhini yapatayo jua, wala si katika vijiko vya maji vilivyomo kwenye jani la hindi. Lakini utafiti uliofanyika Ethiopia ulionyesha kwamba chavua ya mahindi, yaani ule unga wa uzazi unaodondoka kutoka kwenye ua dume, ikianguka katika madimbwi yaliyo karibu huwa chakula kizuri cha viluwiluwi vya mbu hao. Kwa hiyo mwenye kuogopa malaria anapaswa kuliangalia dimbwi kwanza: tuta lililoinuliwa, ambalo hupitisha maji upesi, likizungukwa na njia iliyosawazishwa kwa kokoto, ni salama kuliko shimo la tofali lililosahauliwa nyuma ya nyumba yenye ukoka mzuri.

Sheria nayo imesogea. Kanuni za kilimo cha mijini zilizotungwa Tanzania mwaka 1992 zilikitambua kilimo hicho na kukiwekea kikomo cha ekari 3 kwa mtu mmoja, na Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukikuza na kukisimamia. Sheria ndogo za halmashauri bado hutofautiana, na mpangaji hana budi kupata ridhaa ya mwenye nyumba kabla ya kutia jembe, lakini zama za kumhesabu mwenye tuta la mahindi kuwa mvunja sheria kwa sababu ya tuta tu zinafifia.

Ugumu halisi uko ardhini. Vitabu vingi vya bustani vilivyoandikwa Ulaya humshauri msomaji atandaze maboksi ya karatasi juu ya nyasi, amwage mboji juu yake na apande papo hapo, kwa kuwa nyasi za huko nyingi hufa zikikosa mwanga kwa miezi michache. Anayefuata ushauri huo juu ya ukoka atajuta kabla ya mvua ya pili. Ukoka husambaa kwa mashina ya aina mbili, yale yanayotambaa juu ya udongo na yale meupe, magumu kama waya, yanayopita chini yake, na kipande chochote chenye kifundo kimoja kilichobaki hai kinaweza kuchipua upya. Boksi lililolowa humpa mwenye tuta mapumziko mafupi, kisha ncha kali za machipukizi hulitoboa na kuingia katika mboji laini ambayo sasa imeandaliwa kwa ajili yake. Dawa ya uhakika ni jembe uma na subira: udongo ulimwe hadi sentimita 30, mashina yaokotwe kwa mkono na kuanikwa juani mpaka yakatike kama njiti, umwagiliwe ili mabaki yachipue, kisha kazi irudiwe mara ya pili na ya tatu. Mahali penye jua kali, udongo uliolowanishwa unaweza pia kufunikwa kwa karatasi ya plastiki inayopenyesha mwanga na kukazwa kingo zake kwa wiki 4 hadi 6, ili joto linalonaswa chini yake liunguze mashina ya karibu na uso. Mabaki ya ukoka yasitiwe kwenye lundo la mboji yakiwa mabichi, kwani lundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kuyaua, na mboji hiyo itakuja kuurudisha ukoka ulikotolewa.

Tuta lenyewe ni kitu rahisi, lakini vipimo vyake vina sababu. Upana wa mita 1.2 humwezesha mtu kufika katikati kwa mkono kutoka kila upande bila kukanyaga udongo, ambao ukikanyagwa hushikamana na kuinyima mizizi hewa. Urefu wa mita 2.4 ni rahisi kuupata kwa mbao zilizopo madukani. Na kina cha sentimita 30 huhitaji udongo wa karibu mita za ujazo 0.9, sawa na toroli 14 hivi za lita 60. Kingo zinaweza kuwa za matofali, za mawe ya matumbawe kwa watu wa pwani, au za magogo ya minazi iliyozeeka. Wanaotumia mbao hukabiliwa na mchwa, na mazoea ya mafundi wengi ni kuzipaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari, mazoea yanayofaa kwa nguzo za uzio lakini yasiyofaa hata kidogo kwa tuta la chakula, kwa kuwa oili hiyo hubeba metali nzito na masalia ya mwako yanayoweza kuvujia kwenye udongo. Chini ya tuta pasiwekwe sakafu wala plastiki, kwa maana mizizi ya mahindi hupenda kwenda chini zaidi ya sentimita 30, na shina lenye urefu wa mtu lililosimama katika boksi lisilo na kina hulazwa na upepo wa kwanza. Kuzunguka tuta, mfereji wa sentimita 20 au njia ya kokoto inayopaliliwa mara kwa mara utauzuia ukoka uliobaki usirudi kudai ardhi yake.

Mahindi ni mlafi wa naitrojeni, kirutubisho kinachojenga majani, na hayasamehe udongo uliojazwa mchanga wa ujenzi kwa tamaa ya kulijaza tuta haraka. Mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo tifutifu na sehemu moja ya mboji au samadi iliyoiva, yaani isiyotoa tena joto wala harufu kali, hutosha kuanzia. Mimea ikifika magotini iongezewe samadi ya kuku iliyoiva au mbolea ya kukuzia, na tuta lifunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu, kwa kuwa tuta lililoinuliwa hukauka upesi kuliko ardhi tambarare. Hata majani yanayokatwa kwenye ukoka uliobaki yanafaa kwa kazi hiyo, mradi yakaushwe kwanza na yasiwe na mashina yenye vifundo.

Kosa linaloangusha bustani nyingi hutokea siku ya kupanda. Mwenye ua huvutiwa kupanda mahindi katika mstari mmoja mrefu kando ya ukuta, kama ua la mapambo, na miezi miwili baadaye humenya hindi lenye punje tano hapa na tatu pale, mithili ya mdomo wenye mapengo. Sababu yake inaonekana kwa mtu atakayelifungua hindi changa taratibu: kila uzi wa ndevu zinazoning'inia nje ya maganda umeungana, ndani, na punje moja tu, na punje hiyo haitajaa mpaka chembe ya chavua ianguke juu ya uzi wake na kuteremsha mbegu ya kiume hadi chini. Chavua hutoka kwenye mbelewele, lile ua dume la kileleni, na husafirishwa na upepo. Mmea uliosimama peke yake hupoteza nyingi hewani, lakini mimea iliyopangwa kwa kundi la pembe nne humwagiana. Tuta la vipimo vilivyotajwa hubeba mistari minne ya mimea sita, nafasi ya sentimita 30 kati ya mistari na 40 kati ya mimea, jumla mimea 24, na ili kuhakikisha uchavushaji mtu anaweza kuitikisa mbelewele kwa upole kila asubuhi kwa siku chache, umande ukishakauka. Katika siku hizo maji yasikosekane, kwa sababu ndevu zilizonyauka hazipokei kitu.

Jirani naye anahusika. Jeni zinazoyafanya mahindi kuwa matamu ni jeni fiche, yaani kazi yake haionekani zikikutana na jeni ya kawaida, kwa hiyo punje ya hindi tamu iliyochavushwa na mahindi ya ugali ya nyumba ya pili hujaa wanga mwaka huohuo, si katika kizazi kijacho. Katika miji ambayo masika yakianza kila kiwanja kitupu hugeuka shamba, ukuta wa matofali haumsaidii mtu. Kinachomsaidia ni kalenda. Mwenye bomba la maji apande baada ya mahindi ya majirani kutoa mbelewele, akihakikisha ndevu zake zinatokea angalau wiki mbili baada ya chavua yao kwisha, na wenye nyumba za nyanda za juu waepuke miezi ya Juni na Julai, kwa kuwa mbegu hiyo yenye ghala tupu huoza katika udongo wa baridi kabla ya kuota.

Maadui wengine huja kwa mbawa. Kunguru wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wametapakaa pwani nzima, hung'oa miche ili kula mbegu iliyo chini, hivyo wavu mwepesi kwa wiki mbili za kwanza ni gharama isiyoepukika. Kiwavijeshi vamizi, mdudu kutoka Amerika aliyethibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Kenya na Tanzania mwaka 2017, hujificha katika moyo wa mmea, ambako huacha kinyesi kama unga wa mbao. Hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Mkulima wa ekari nzima hulazimika kutafuta dawa, lakini mwenye mimea 24 anaweza kuikagua yote kwa dakika kumi, mara mbili kwa wiki, akaponda mayai chini ya majani na viwavi kwa vidole, na hiyo ni faida nyingine ya udogo.

Zao hili lisipewe sifa lisizostahili. Mahindi matamu hayatoi unga wa maana, hayafai kwa makande, na juu ya jiko la mkaa hayafikii mahindi ya kawaida, kwa kuwa mchomaji na mlaji wa Afrika Mashariki wamezoea punje ngumu inayotafunwa polepole kwa chumvi, ndimu na pilipili. Mahali pake ni maji yanayochemka kwa dakika chache, au mahindi ya nazi ambayo hayatahitaji sukari. Mimea 24 itatoa takribani hindi moja zuri kwa kila mmea, kiasi cha milo minne kwa familia ya watu sita, na yeyote atakayedai kwamba tuta moja litapunguza bili ya chakula ya mwezi hajawahi kulipima.

Hukumu ya haki, kwa hiyo, ni ya kugawana. Ukoka ubaki panapokaa kiti cha wazee na panapocheza watoto, na mita za mraba 3 zipatazo jua zaidi zitolewe kwa tuta. Ndevu zikishageuka kahawia na kukauka, yapata wiki tatu tangu zilipotokea, ganda lifunuliwe kidogo na punje ibonyezwe kwa ukucha: ikitoa maji bado, ikitoa unga mzito imepitwa, ikitoa maziwa wakati umefika. Sufuria iwekwe jikoni kwanza, na hindi livunjwe maji yakishaanza kuchemka.